Farasi 25, kilo 120? Nimeipeleka pikipiki yangu kwenye mzani wa mahindi

Wakuu salaam. Uzi una hasira, mwenye haraka apite.

Miezi miwili iliyopita nilitoka Moshi kwenda Arusha kununua pikipiki ya cc 250. Jina la duka nalihifadhi. Kijana wa pale akanipa shikamoo ya heshima kabisa, akatoa karatasi: farasi 25, yaani nguvu ya injini, na kilo 120. Akapiga hesabu kwenye simu mbele yangu. "Bosi, hapo kila farasi anabeba chini ya kilo tano. Boxer 150 ina farasi 12 na kilo karibu hizohizo. Hao wote utawaacha." Nikahesabu hela nikampa. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyangu vinavyohesabu zile noti, nasikia kichefuchefu.

Jumamosi iliyofuata nikampakia mama watoto, tukaenda Marangu kwenye kipaimara. Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni ni kupanda tu. Tukiwa katikati ya mlima nikasikia honi nyuma. Bodaboda, Boxer, kabeba abiria na mikungu miwili ya ndizi. Akanipita, akanipungia mkono! Mke wangu hakusema kitu hadi tunafika. Angenisema ningepumua.

Jumatatu nikaipeleka pikipiki kwa jamaa mwenye mzani wa mahindi. Gurudumu la mbele juu ya mzani, la nyuma juu ya mbao yenye kimo sawa na mzani, halafu tukageuza. Mbele 67, nyuma 76. Jumla kilo 143, tenki limejaa.

Hizo 23 zimetoka wapi? Tenki ni lita 11, na lita ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo hapo ni nane. Weka oili, weka betri. Zilizobaki ni keria na bampa walizofunga wenyewe palepale dukani. Yaani ile 120 ni uzito mkavu, wa pikipiki isiyo na tone la mafuta. Sasa nani anaendesha pikipiki isiyo na mafuta? Labda anayeisukuma.

Na ninyi wa humu ndani msicheke, maana mnafanya yaleyale. Juzi kuna mtu katamba kwamba Yamaha R1 ya 1998 ni nyepesi kuliko BMW S1000RR ya 2010, zote pikipiki za mbio, kisa moja ina kilo 177 na nyingine 204. Ndugu yangu, 177 ni kavu, 204 ina mafuta tayari kwa safari. Ikaushe na BMW uone, inashuka hadi 183. Mwingine kaleta Ducati Superleggera V4, farasi 224 kwa kilo 159, nazo kavu. Zimetengenezwa 500 tu dunia nzima, lakini watu wanazigombania kijiweni Kwa Mrombo kana kwamba kuna mmoja kaacha kishika uchumba.

Turudi kwa farasi wangu. Wale 25 wamehesabiwa kwenye krenki, yaani kwenye injini yenyewe, kiwandani. Gia na cheni vinakula asilimia kumi na kitu kabla nguvu haijafika kwenye tairi. Halafu kuna hewa, inayopungua kadiri unavyopanda, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu muuzaji anaishi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nikifika Marangu Mtoni wale 25 wamebaki kama 19 hivi. Lango la mlima liko juu zaidi, limepita mita 1,800, huko sijathubutu.

Sasa tupakie watu. Mimi 82, mama watoto 64, pikipiki 143. Jumla 289. Gawanya kwa 19: kila farasi anabeba kilo kumi na tano. Niliahidiwa tano! Mwenye S1000RR akipanda mtu wa kilo zangu, uzito unaongezeka kama asilimia 40. Wangu, kwa watu wawili, umekuwa mara mbili. Pikipiki ikiwa nyepesi, binadamu ndiye mzigo mkubwa, na binadamu hayumo kwenye karatasi.

Mtaniuliza, mbona Boxer naye ana mzigo, ana farasi wachache, na kakupita? Nilimuuliza fundi wa bodaboda, akacheka kwanza. Farasi 25 wanapatikana injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika. Mimi nilikuwa kwenye gia ya nne, mizunguko 4,000, farasi nusu wamelala. Yule kijana wa ndizi kafunga sproketi ya nyuma (ile duara inayoshika cheni) yenye meno mengi, injini yake inafanya kazi pale penye nguvu. Ningeweza kurudi gia ya pili na kuiacha injini ilie hadi Mtoni, lakini kwa mke aliyevaa kitenge cha sherehe na kukumbatia keki, hapana.

Wiki iliyopita nilirudi dukani na namba zangu za mzani. Kijana akaniambia, "Bosi, kwani ulinunua pikipiki au ulinunua mzani?" Wenzake wakacheka. Nimedai waandike uzito wenye mafuta kwenye zile karatasi, na waseme farasi wamepimwa wapi na kwa mizunguko mingapi. Wamesema watalifikisha kwa mkubwa. Jumatatu naenda tena.

Mwenye cc 250 ya aina yoyote, naomba uipime gurudumu kwa gurudumu, uweke namba mbili hapa chini. Sema tenki lilikuwa na kiasi gani. Ukileta namba ya kwenye brosha nakujibu vibaya.