Mtoto kakanyaga msumari akiwa peku, kumwosha tu kunatosha?

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa miaka 9 hapendi viatu kabisa. Mchana huu kakanyaga msumari uliokuwa umesimama kwenye kipande cha ubao. Kauchomoa mwenyewe, damu imetoka matone machache, na tundu lenyewe hulioni mpaka uivute ngozi. Nimemwosha kwa sabuni. Anachechemea kidogo. Nimpeleke hospitali au nisubiri? Naombeni ushauri, nina wasiwasi.

Seremala: Pole sana dada. Sisi mafundi huwa tunamwagia mafuta ya taa, kinakauka chenyewe.

Nesi wa Zamu: Fundi, mafuta ya taa hapana jamani, yanaunguza nyama na hayaui kilichoingia ndani. Mama Wawili, wasiwasi wako ni wa haki. Kidonda cha tundu huziba juu upesi, uchafu ukabaki chini. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hustawi pasipo hewa. Kutu si hoja, hata msumari mpya unaong'aa unaviingiza vilevile.

Mwoshe tena kwa maji safi yanayotiririka, dakika 5 hadi 10, kisha funika kwa bendeji safi na ubadilishe kila siku. Usichokonoe kwa sindano. Halafu tafuta kadi yake ya chanjo: kwa kidonda kichafu kama hicho, ikiwa chanjo ya mwisho ya pepopunda imepita miaka 5, anahitaji nyingine. Kama hakumaliza chanjo za utotoni, mpeleke usiku huu huu, huenda akahitaji na sindano ya kinga ya haraka. Msingoje dalili. Mara nyingi huanza kati ya siku 3 na 21, taya linakaza, kumeza kunakuwa shida, na hapo ni vita.

Babu Shamba: Mwanangu, uokote huo msumari uangalie ncha. Kama imekatika, imo mguuni. Ingekuwa mwiba ningekuonya zaidi, maana kipande cha mti mara nyingi hakionekani kwenye eksirei, huonekana kwa altrasaundi. Mguu ukiendelea kuuma sehemu ileile kila ukibonyezwa, usikubali kuambiwa hamna kitu.

Mama Wawili: Asanteni sana. Ncha ipo nzima. Kadi nimeipata, chanjo zote alimaliza, ila ya mwisho alichomwa akiwa mchanga. Asubuhi na mapema tunaenda.

Nesi wa Zamu: Vizuri. Wekundu ukisambaa, usaha, homa, au akishindwa kukanyagia mguu, rudi hata kama ameshachanjwa.

Kijana wa Bonde: Naongezea swali. Mzee wangu ana kisukari na anatembea peku uani. Majuzi tumemkuta na mwiba, yeye hana habari.

Nesi wa Zamu: Huyo asitembee peku hata ndani ya nyumba, ganzi imeshamwondolea onyo. Mkagueni nyayo kila jioni, na kidonda chochote, hata kidogo, kionwe na daktari.

Seremala: Nesi nimekuelewa, mafuta ya taa basi. Dada, mbao zote zing'olewe misumari kabla ya kupangwa, na pitisha sumaku chini palipojengwa, utashangaa inachookota. Mtoto mpe kandambili za soli ngumu, zile laini za sponji msumari unapita.

Nesi wa Zamu: Na ukipita kwenye soli, mwambieni daktari. Kipande cha soli huingia na msumari, na kuna vijidudu vinavyokaa humo vinavyoweza kufika kwenye mfupa.