Naombeni ushauri: fundi kaniwekea oili ya 20W-50 badala ya 5W-30, injini inalia asubuhi

Binti Usukani
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nina gari ndogo ya petroli, cc 1500, silinda 4, ile yenye VVT (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), imeshatembea kilomita 168,000. Tangu niinunue naweka 5W-30 kama kitabu chake kinavyosema. Sasa hii miezi ya karibuni oili ikawa inapungua, nikipima baada ya km 2,000 hivi kijiti kinaonyesha iko alama ya chini kabisa, naongeza karibu lita nzima. Nikaenda kwa fundi akasema injini ishachoka, nafasi zimepanuka, oili nyepesi inapita tu, dawa ni kuweka nzito. Akamwaga ile akaweka 20W-50.

Leo ni wiki ya pili. Nikiwasha asubuhi inalia tak tak tak huku juu kwenye tapeti, sekunde tano sita hivi ndo inatulia, na zamani haikuwa hivyo hata siku moja. Gari imekuwa nzito kuondoka, mafuta naona yanakwenda haraka, na kinachoniuma zaidi OILI BADO INAPUNGUA. Nikimwambia fundi anasema itazoea. Hivi injini inazoea kweli? Nirudi 5W-30 au nikae katikati na 10W-40? Gari hii ndo ya kazini, ndo ya kupeleka watoto shule, ikifa sina nyingine.

Spana17
Pole sana dada. Injini haizoei oili, kelele unayosikia ni chuma kinasubiri oili ifike na haijafika.

Ngoja nieleze hizo namba maana wengi tunazisoma vibaya. Ile ya mwanzo yenye W inaeleza oili inavyokuwa ikiwa ya baridi, W ni winter yaani majira ya baridi, ikiwa ndogo ndo oili inatembea haraka ukiwasha. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 zikiwa za moto ni daraja moja kabisa, tofauti yao iko kwenye kuwasha. Na watu wanasema "huku kwetu joto, W hainihusu", sio kweli. Oili ya nyuzi 25 au 30 bado ni baridi kwa injini! 5W-30 ikiwa kwenye nyuzi 40 tu ni nzito karibu mara sita kuliko ikiwa kwenye 100, sasa piga picha 20W-50 iliyolala usiku kucha kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Halafu gari lako lina VVT. Ule mfumo unazungusha kemushafti, ile shafti inayofungua valvu, mbele na nyuma kwa kutumia presha ya oili hiyohiyo, inapita kwenye vitundu vyembamba na kwenye valvu yenye kachujio kadogo sana. Ukiweka oili nzito inachelewa kujibu, ndo huo uzito wa kuondoka unaousikia. Na mafuta yanakwenda kwa sababu pampu na pistoni zinafanya kazi kubwa zaidi kuisukuma. Mimi ningeimwaga kesho, sitanii.

Mzee wa Karbureta
Mimi natofautiana kidogo. Nina pikapu ya zamani, ya karbureta, nimeiwekea 20W-50 miaka na miaka na injini haijawahi kufunguliwa. Kwa hiyo tusiitukane 20W-50 kama sumu. Injini ikitembea sana nafasi zinapanuka kweli, hilo fundi hakudanganya.

Spana17
Mzee wangu shikamoo, nakuunga mkono kwa pikapu yako, maana hiyo ilitengenezwa kwa oili ya namna hiyo, haina VVT, nafasi za beringi zake tangu kiwandani zilipangwa hivyo na naamini hata kitabu chake kinaitaja. Ya huyu dada zilipangwa kwa 30. Nafasi kati ya krenki na beringi kwenye hizi injini ni nyembamba kuliko unywele, na oili inayotoka hapo ndo inayobeba joto kuondoka nalo. Ikiwa nzito mno presha kwenye geji inapanda unafurahi, kumbe inayopita ni kidogo. Presha kubwa haimaanishi oili ni nyingi.

Na kupanuka kwa nafasi mtu hapimi kwa kusoma kilomita kwenye dashibodi. Kuna geji ya kompresheni, inapima silinda inavyobana hewa. Unafungua plagi unapima kila silinda, iliyo chini unaitilia oili kidogo ndani unapima tena, ikipanda ujue ringi za pistoni zimelika, isipopanda angalia valvu. Kazi haifiki hata saa nzima. Fundi wako alipima?

Binti Usukani
Hakupima kitu kaka. Alichomoa kijiti, akapaka oili kidoleni, akasema "unaona, maji matupu".

Mama Gereji
Dada mimi nina miaka mingi kwenye hii kazi, oili yoyote ya moto ukiigusa utaiona maji, kidole hakipimi oili!!

Mimi naona wote hapo juu mnabishana uzito wakati swali lenyewe ni OILI INAKWENDA WAPI. Oili ina njia mbili tu, inavuja au inaungua. Anza na kuungua: mwambie mtu asimame nyuma ya gari asubuhi unapowasha. Moshi wa bluu ukitoka kidogo pale mwanzo halafu ukaisha ni sili za valvu, oili imeshuka usiku ikakaa juu ya pistoni. Ukitoka muda wote unapokanyaga mafuta basi ni ringi. Pitisha kidole ndani ya ekzosi injini ikiwa imepoa kabisa, vumbi jeusi kavu sio tatizo sana, ukikuta masizi yana utelezi wa mafuta ujue inaungua.

Kama hakuna hayo basi inavuja, na si lazima uone matone chini. Inaweza kuvuja juu, ikamwagikia manifodi ya ekzosi ikaungulia hapohapo. Je ukisimama kwenye foleni unasikia harufu ya oili kuungua inaingia ndani?

Binti Usukani
Mama umejuaje?! Ipo hiyo harufu, kitambo sana, nilidhani ni magari ya wenzangu.

Mama Gereji
Basi hapo tumeshika mkia wake. Angalia gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, pitisha kitambaa cheupe pembeni yake upande wa nyuma kwenye ukuta wa boneti maana huko ndo watu hawaangalii. Chomoa koili zilizokaa juu ya plagi, moja moja, uone kama kwenye shimo la plagi kuna oili. Na kabla hujabadilisha gasketi angalia ile valvu ya PCV, kadude kadogo kanakovuta hewa kutoka ndani ya injini kuirudisha kwenye intek, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na itatafuta pa kutokea, utabadilisha gasketi leo na kesho inalowa tena. Ichomoe uitikise karibu na sikio. Nyingi zikiwa nzima zinalia ndani kach kach.

Dereva Mpole
Na kama kompresheni ikionekana imeshuka kweli, je hiyo 10W-40 aliyouliza haifai? Mimi naitumia nimeridhika.

Spana17
Inaweza kufaa, ila naye aangalie kitabu kwanza, vingi vina jedwali lenye zaidi ya oili moja. Ikiruhusiwa, kupanda daraja moja kutoka 30 kwenda 40 kwa injini iliyolika sio dhambi, na kwa gari lenye VVT ningechagua 5W-40 kabla ya 10W-40 ili asubuhi isichelewe kupanda. Kuruka mpaka 20W-50 ni kurukia daraja mbili za moto na tatu za baridi kwa mkupuo. Pia asome herufi za API (daraja la ubora wa oili) kwenye kopo, za petroli zinaanza na S, SP ni mpya kuliko SN na inafaa mahali SN ilipotakiwa. Ubora uko huko, namba kubwa haiongezi ubora.

Binti Usukani
MREJESHO. Wakuu nimekaa kimya karibu miezi miwili makusudi ili nije na jibu la kweli.

Nilikwenda kwa fundi mwingine, nikamsomea maneno ya Mama Gereji kwenye simu. Alipofungua koili ya silinda ya tatu plagi ilikuwa imeogelea oili, yaani imejaa mpaka nusu ya shimo. Gasketi ya tapeti kava ilitoka vipande vipande, imekauka ngumu kama plastiki. PCV tukaitikisa mimi na yeye kwa zamu, kimya, imeganda na uchafu mweusi. Kompresheni alipima, silinda zote nne zimelingana na ziko ndani ya kipimo cha kitabu. Kwa hiyo injini yangu HAIJACHOKA, nililia pale gereji sioni aibu kusema.

Tumebadilisha gasketi, zile ringi za mpira za mashimo ya plagi, PCV na filta, tukamwaga 20W-50 tukarudisha 5W-30. Asubuhi ya kwanza niliwasha nikiwa nimefungua dirisha nisikilize. Tak tak hakuna. Jana imetimiza km 2,500, nimepima kwenye sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi, nikafuta kijiti nikarudisha nikachomoa tena, imeshuka upana wa kucha tu kutoka alama ya juu. Harufu kwenye foleni imeisha. Mama Gereji na Spana17 Mungu awabariki sana.

Mama Gereji
Nimefurahi mno mwanangu. Baada ya wiki mbili futa tena kile kitambaa upande wa nyuma, gasketi mpya ikifungwa bila kufuata mpangilio wa bolti huwa inalowa kwenye kona.