Mdogo wangu kagoma kuangalia sehemu ya mwisho ya Cherry Magic, nifanyeje?

Mama Kijacho (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wapenzi wa tamthilia. Humu nafichua mwisho, kama hujamaliza pita kwanza.

Mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tulikuwa tunaangalia Cherry Magic ya Japani, ile ya 2020 yenye Akaso Eiji na Machida Keita. Sehemu 12 tu, kila moja haifiki nusu saa. Tulijiwekea Ijumaa usiku, vyombo vikishaoshwa. Kwa asiyeijua: Adachi anafikisha miaka 30 hajawahi kulala na mtu, anaamka anasikia mawazo ya kila anayemgusa. Kwenye lifti iliyojaa anabanwa na Kurosawa, yule kijana anayesifiwa ofisi nzima, na anasikia moyo wa mwenzake ukimtaja yeye. Kumbe kapendwa kimyakimya miaka saba.

Tukafika sehemu ya 11. Adachi anamwambia Kurosawa siri yake, analia, na Kurosawa badala ya kumshika anauliza kama waishie hapo. Mdogo wangu alizima simu palepale. Anasema mtu aliyevumilia miaka saba hawezi kukata tamaa usiku mmoja, na kama waandishi wamemharibu Kurosawa hataki kuona zaidi.

Mimi nilishindwa, nikamaliza peke yangu. Nililia kwa furaha pale wanaporudiana juu ya paa, halafu mwisho kabisa, Kurosawa anainama kumbusu Adachi ndani ya lifti, mlango unafunga. Basi. Imeisha hivyo. Nikabaki natazama kioo cheusi.

Sasa sijui. Nimsimulie mwisho ili apate moyo, nimwache, au nimwambie aruke aende kwenye filamu ya mwendelezo? Na nitamshawishi vipi wakati mimi mwenyewe ule mlango bado unaniuma?

Binti wa Pangani

Dada pole. Usimsimulie. Mwambie jambo moja tu, kwamba wanarudiana, maana anachoogopa ni hicho. Mengine aone mwenyewe.

Kuhusu Kurosawa mimi sioni kama kaharibiwa. Rudia ile sehemu ya 11 taratibu. Adachi kashajua kwamba Tsuge, rafiki yake mwandishi, ameupoteza uwezo kama huo baada ya kuwa na mpenzi wake, Minato. Adachi anaogopa kwamba bila kusikia mawazo atamkosea Kurosawa. Kurosawa anamwona mtu anayeumia kila akiguswa. Anapouliza waishie hapo, anamfungulia mlango Adachi ili asiteseke kwa ajili yake. Ni kosa, ndiyo, lakini ni kosa la mtu yuleyule tuliyempenda tangu mwanzo, anayetanguliza mwenzake mpaka anajisahau.

Msomaji wa Usiku

Nakubali na Binti, ila tuseme ukweli, sehemu ya 12 ina haraka. Jeraha kubwa namna ile limepewa dakika chache kupona, na humo humo wanataka tuwaage Tsuge na Minato, na wale wa ofisini, Fujisaki na Urabe. Ningeomba walau sehemu moja zaidi ya kimya kati ya kuachana na kukutana. Mdogo wako akilalamika hapo, msimbishie.

Kumbuka pia ilikuwa tamthilia ya saa saba usiku kwenye kituo cha TV Tokyo. Sehemu ya mwisho ilirushwa usiku wa kuamkia Krismasi 2020, na hadithi yenyewe iko mkesha wa Krismasi. Waliokuwa macho Japani usiku ule walikuwa na baridi ileile ya pale juu ya paa. Nawaonea wivu.

Shangazi wa Lifti

Nimebadilisha jina kwa ajili ya uzi huu, maana huo mlango nimeuwaza miaka.

Mama Kijacho, mwanzo kabisa tuliingia moyoni mwa Kurosawa wapi? Ndani ya lifti. Adachi aliguswa, na sisi tukasikia pamoja naye. Sehemu baada ya sehemu tumekuwa tukisikiliza mawazo ya mtu ambaye hakutupa ruhusa. Adachi kashasema uwezo wake umekwisha, na kwamba hauhitaji tena. Ukimwisha yeye, sisi tutasikia kwa masikio ya nani? Ndiyo maana lifti ileile inafungwa mbele yetu. Yaliyo ndani sasa ni ya wawili wale.

Najua wengi walikasirika, wakasema kituo kimeogopa kuonyesha busu. Hasira hiyo naielewa, mwanamke na mwanaume wakibusiana kwenye tamthilia huwa hawafungiwi mlango. Lakini mimi nikiangalia tena nasikia kile kimya, na nakipenda.

Kalamu Mbili

Na msisahau kalamu! Wote wawili wako kampuni ya vifaa vya kuandikia, na Kurosawa anaomba wawe pamoja daima kwa kalamu mahali pa pete. Sheria ya Japani haiwaruhusu wanaume wawili kufunga ndoa. Kata ya Shibuya, Tokyo, ilianza kutoa vyeti vya kuwatambua wenzi mwaka 2015, lakini cheti kile si ndoa. Nilipolijua hilo, ile kalamu ilinikaa kifuani.

Filamu ya Aprili 2022 inaanzia hapo: Adachi anapelekwa kikazi Nagasaki, halafu lile suala la kuwaambia wazazi. Asiruke kwenda huko. Bila paa lile, filamu haina miguu.

Mama Kijacho

Nimesoma yote, asanteni sana. Shangazi, nimerudia dakika zile za mwisho mara tatu tangu uandike.

Nimemwambia mdogo wangu kama Binti alivyosema, wanarudiana, nikanyamaza. Akauliza, "Kurosawa anaomba msamaha?" Nikamwambia aangalie. Kakaa kimya muda, halafu kasema Ijumaa, ila turudie sehemu ya kwanza kabla ya ya mwisho, anataka kuona tena wanavyobanana kwenye lifti. Sijamwambia chochote kuhusu mlango. Wazo la lifti kalipata mwenyewe.