Kwa nini kitochi hakiachiki?

Msafiri wa Mbezi: Wadau, mtu ana simu janja ya laki sita, bando limejaa, lakini mfuko wa pili kitochi, kile kisimu cha vibonyezo, hakikosekani. Cha nini?

Fundi Meza ya Kona: Betri, kaka. Janja wananiletea betri zimevimba. Kitochi kinakuja kubadilishwa kava tu. Betri yake, BL-5C, unaipata hata dukani kwa Mangi, na hiyohiyo inaingia kwenye redio ya Kichina. Kutuma hela unabonyeza nyota, hakuna cha bando. Nokia 1100 imetoka 2001 na bado wananiletea!

Mama Nasra: Mnazunguka mbuyu. Mwanaume mwenye kitochi ana mchepuko. Janja ya nyumbani, kitochi cha huko.

Dereva wa Tunduma: Mama, umetukosea adabu. Mimi naendesha lori mpaka Lubumbashi. Nikifika Nakonde laini ya Zambia inaingia kwenye kitochi. Foleni ya mpaka wa Kasumbalesa unaweza kulala siku kadhaa, janja imekata moto zamani. Wife ananipata hukohuko kwenye kitochi.

Mama Nasra: Kwani nilitaja jina lako?

Binti Pangani: Mbona wanaume tu? Mimi nacho, kina laini ya kikoba. Hela ikiwa kwenye janja baba watoto anaiona, kesho "nikopeshe kidogo".

Dereva wa Tunduma: Umeona, Mama Nasra? Wanaoficha ni nyie!

Mzee wa Kumbukumbu: 1100 ni ya 2003. Fundi gani hujui.

Fundi Meza ya Kona: Shikamoo mzee. Miaka miwili tu ndiyo imekuuma hivyo? Basi tuseme zile simu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizozima 2015 nazo nimekosea.

Mzee wa Kumbukumbu: Marahaba. Umekosea. Juni 2016, na zilizozimwa ni feki.

Jirani wa Namanga: Kwani Bongo mnaita kitochi? Huku ni mulika mwizi. Shosho wangu yake namba zimefutika zote, anabonyeza kwa mazoea na hakosei. Nilimnunulia janja, anafunikia sukari.

Binti Pangani: 😂😂 anafunikia sukari

Msafiri wa Mbezi: Jamani, swali langu lilikuwa...

Mama Nasra: Wewe muuliza swali, unacho au huna?

Msafiri wa Mbezi: Ninacho. Cha kazini.

Mama Nasra: Haya. Wasalimie huko kazini.