Naenda Bali: nipate wapi kikapu cha mkono?

Mama Vikapu, Ujiji:
Habari zenu ndugu. Nauza vikapu na mikeka hapa Ujiji, mwaka wa 12 sasa. Mwezi ujao namsindikiza binti yangu Indonesia, na Bali tutakuwa siku mbili. Nataka kilichosukwa kwa mkono, si cha kiwandani. Niende soko gani?

Baharia wa Kibirizi:
Shikamoo mama. Nenda Sukawati, wilaya ya Gianyar, na uwahi asubuhi. Mteja wa kwanza hupunguziwa, maana anafungua biashara. Muuzaji huchukua noti yako akaigusisha kwenye bidhaa zake apate baraka, wanaita penglaris. Akitaja bei, wewe taja nusu, mpandishane taratibu kwa tabasamu. Ila akikubali bei yako, lipa. Kugeuka hapo ni kumvunjia heshima.

Kikapu tafuta cha ata, mmea unaotambaa. Kikishasukwa huanikwa juani, halafu hufukizwa moshi wa makumbi ya nazi mpaka kiwe kahawia. Nusa ndani, kinukie moshi. Changu kina miaka mitano na hakijalegea popote.

Binti Mwanga:
Vinyago nenda kijiji cha Mas, vito vya fedha Celuk. Huko unamkuta fundi mwenyewe kazini.

Mama Vikapu, Ujiji:
Marahaba mwanangu, asanteni wote. Moshi wa makumbi! Mimi ukindu nauchemsha na rangi tu. Nitanunua viwili, kimoja nikifumue nione walivyoanza kitako.