Mkono ulilegea dakika 15 kisha ukarudi: ni kiharusi au presha tu? Naomba ushauri

Mtoni Juu
Habari za leo wakuu. Mzee wetu ana miaka 63. Jana saa 11 jioni alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Akajaribu kukiokota, vidole vikagoma. Mdomo ukavutwa upande, maneno yakawa mazito hayaeleweki. Dakika 15 hivi, kisha kila kitu kikarudi sawa. Zahanati walimpima presha ikasoma 178/102, wakasema presha imepanda, akapumzike. Ana dawa ya presha, amlodipini miligramu 5, lakini humeza siku kichwa kikimuuma tu. Leo kaamka mzima, yuko shambani, hataki kusikia hospitali. Majirani wanasema kapitiwa na upepo, achuliwe. Je, kiharusi kinaweza kuondoka chenyewe? Nimpe aspirini? Tuombe vipimo gani?

Zamu ya Usiku
Mkuu, kamtoe shambani sasa hivi, maswali mengine mtamalizia njiani. Maelezo yako ni ya kiharusi cha muda, kile ambacho madaktari huandika TIA. Donge la damu limeziba mshipa wa ubongo upande wa kushoto, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno viliondoka pamoja. Safari hii donge limeyeyuka au limesogea kabla sehemu ile ya ubongo haijafa. Lakini lilikotoka, iwe ni kwenye moyo au kwenye mshipa wa shingo wenye mafuta, bado pako vilevile na panaweza kutoa donge jingine.

Wasiotibiwa haraka, takriban mmoja kati ya 10 hupata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na karibu nusu ya hao hukipata ndani ya siku 2 za mwanzo. Nyinyi mko ndani ya siku hizo 2.

Kuna hesabu ya kupima hatari. Umri wa miaka 60 na kuendelea, alama 1. Presha iliyofika 140/90, alama 1. Udhaifu wa upande mmoja, alama 2. Dalili za dakika 10 hadi 59, alama 1. Zikifika saa nzima, 2. Kisukari, alama 1. Mzee ana 5 kati ya 7 kabla hata sukari haijapimwa, na kuanzia 4 ni hatari kubwa. Ila hata mwenye alama 2 asiachwe nyumbani, maana hesabu hii haioni mshipa wa shingo ulioziba wala moyo unaodunda ovyo.

Kasri ya Mwambao
Mpe junior aspirini za miligramu 75, vidonge vinne, atafune. Jumla 300. Halafu muondoke. Na asipakiwe bodaboda, mkono ukilegea njiani ataanguka.

Zamu ya Usiku
Dozi ni sahihi, ila ina masharti yake. Miligramu 300 hutolewa pale dalili zote zimekwisha, na mtu hana vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, hana mzio wa aspirini wala hatumii warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kama mdomo bado umepinda au mkono bado mzito, usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji, kwa sababu anaweza kupaliwa. Isitoshe, kiharusi cha kuvuja damu kinafanana kabisa na cha kuziba ukitazama kwa macho. Kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, ndicho kinachotenganisha, na aspirini kwenye damu inayovuja ni hatari.

Hospitali wakishajiridhisha hakuna kuvuja, wengi wa aina yake huongezewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia donge, miligramu 300 siku ya kwanza kisha 75 kila siku pamoja na aspirini, kwa siku 21. Baada ya hapo hubaki dawa moja, kwa kuwa mbili zikiendelea muda mrefu hatari ya kutoka damu inazidi faida.

Bi Mkubwa wa Wodini
Mwanangu, kuhusu kuchua. Dalili hizi zingeondoka hata asiguswe na mtu. Akichuliwa, sifa zinakwenda kwenye mafuta, familia inatulia, na zile siku 2 za hatari zinapita mzee akiwa kitandani bila dawa. Hilo ndilo linaloumiza wengi. Na shingo yake isikandwe wala "kuvunjwa" kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi, kwani ukuta wa mshipa unaweza kuchanika ndani.

La pili: mtu asije akamwekea nifedipini chini ya ulimi eti presha ishuke upesi. Ikiporomoka ghafla, ubongo ambao tayari unapata damu kidogo unakosa kabisa. Presha yake itashushwa taratibu, lengo likiwa chini ya 130/80, na dawa atameza kila siku, kichwa kiume kisiume.

Mtoni Juu
Asanteni sana. Tupo hospitali ya rufaa ya mkoa. Sukari 5.8. CT wanasema safi kabisa. Mzee anasema "si mmeona, turudi nyumbani". Nimjibu nini?

Zamu ya Usiku
Mwambie CT safi ni habari njema kwamba hakuna damu iliyovuja, basi. Kwenye TIA huwa safi mara nyingi. MRI, picha ya ubongo iliyo ya kina zaidi, huona zaidi, lakini kama haipo hapo isicheleweshe dawa.

Kabla hamjatoka ombeni ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Moyo ukidunda bila mpangilio, damu huganda ndani yake na madonge hurushwa kichwani, na hapo aspirini haitoshi. Atahitaji dawa kama warfarini, ambayo damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. ECG moja ya sekunde 10 inaweza kuikosa, kwa hiyo ulizieni kipimo cha kuvaa saa 24. Kisha utrasaundi ya mishipa ya shingo. Mshipa wa upande wenye shida, kwake ni wa kushoto, ukiwa umeziba asilimia 70 au zaidi, upasuaji wa kuusafisha husaidia sana ukifanywa ndani ya wiki 2. Ukicheleweshwa faida inapungua. Lehemu ipimwe pia, ingawa atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu, huanzishwa hata bila kusubiri majibu.

Na usiogope kuwasisitiza. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba matibabu yakianza haraka, kiharusi ndani ya siku 90 kilishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Dawa zenyewe ni za kawaida, tofauti ilikuwa ni kuanza mapema.

Bi Mkubwa wa Wodini
Wafundishe wote nyumbani jinsi ya kumpima. Atabasamu aonyeshe meno. Anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, mhesabu hadi kumi: mkono wenye shida hugeuka ndani na kushuka polepole bila yeye kujua. Aseme "haraka haraka haina baraka". Kimoja kikikosea, msingoje kiharusi kipite kama cha jana. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, mwisho wake ni saa 4 na nusu, na saa hizo huhesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Akiamka na kiharusi, ni tangu alipokwenda kulala. Kwa hiyo kila mara andikeni saa, na pakiti za dawa zake zote mziweke kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.