Je, kipimo kimoja cha kingamwili kinatosha kuthibitisha ugonjwa wa damu kuganda?

Muulizaji
Nawasalimu nyote. Nimepoteza mimba tatu mfululizo, zote kabla ya wiki ya 10. Mwezi uliopita nilipimwa kingamwili za antifosfolipidi (zinazolenga mafuta ya mwilini yaitwayo fosfolipidi, na huweza kuleta damu kuganda na mimba kutoka), na zile za aina ya IgG dhidi ya kadiolipini, mojawapo ya mafuta hayo, zikaonekana kuwa uniti 52. Kipimo cha lupasi antikoagulanti, aina nyingine ya kingamwili hizi, hakikufanyika kwa kuwa maabara ile haina vitendanishi vyake. Daktari amesema nirudie baada ya wiki 12. Kwa nini nisubiri muda wote huo?

Mtaalamu wa maabara
Pole sana, dada. Kingamwili hizi huweza kujitokeza baada ya maambukizi kisha zikatoweka, ndiyo maana vigezo vya Sydney vya mwaka 2006, vya kutambua ugonjwa huu, vinataka zionekane mara mbili, kwa kupishana wiki 12 au zaidi, na kwa kadiolipini kiwango kizidi 40. Chako kimezidi, lakini ni mara moja tu.

Hicho kipimo kilichokosekana usikiache, kwa maana lupasi antikoagulanti ndiyo inayohusiana zaidi na hatari ya damu kuganda. Ajabu yake ni kwamba ndani ya mishipa damu huganda kupita kiasi, ilhali kwenye chupa ya maabara huchelewa kuganda, kwa sababu kingamwili huzishika fosfolipidi ambazo kipimo kinazitegemea. Sisi huchanganya plazima ya mgonjwa na ya mtu mwenye afya; uchelewaji ukiendelea, tunajua kuna kizuizi wala si upungufu wa vigandishi, kisha tunaongeza fosfolipidi kuona kama muda utafupika. Ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, heparini au wafarini, sema kabla ya kutolewa damu, kwani dawa hizo huweza kupotosha majibu.

Mkunga
Naomba nikuulize, mwanangu: kadi zako za kliniki zinasemaje kuhusu VDRL? Kipimo hicho cha kaswende hutumia kadiolipini, hivyo mwenye kingamwili hizi huweza kuonekana ana kaswende asiyokuwa nayo. Nimeshuhudia ndoa ikitikisika kwa jibu la namna hiyo, na liliniuma sana, kwani TPHA, kipimo cha kuthibitisha kaswende, ilipofanywa baadaye ilikuwa hasi.

Muulizaji
Nimeitafuta kadi ya mimba ya pili sasa hivi. VDRL chanya, TPHA hasi. Hakuna aliyenieleza maana yake.

Mtaalamu wa maabara
Mpelekee daktari kadi hiyo. Haithibitishi ugonjwa, lakini inaongeza sababu ya kutafuta kingamwili zote tatu, ikiwemo ile dhidi ya protini ya damu iitwayo beta-2 glaikoprotini I. Ukishika mimba kabla ya wiki 12 kutimia, usingoje tarehe ya kurudia kipimo. Mwone daktari mara moja, kwa sababu uamuzi wa aspirini ya dozi ndogo pamoja na heparini hufanywa mapema, na wewe usijianzishie mwenyewe.

Muulizaji
Asanteni sana. Nitakwenda Jumatatu na kadi zote tatu.